Boksi ofisi: neno lililozaliwa mlangoni pa matajiri

Kila mwanzo wa juma, vyombo vya habari duniani hutangaza hesabu za filamu zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema. Filamu fulani imekusanya mamilioni ya dola na kuongoza "box office". Nyingine imeanguka, na watayarishaji wake wanahesabu hasara.

Waandishi wengi wa Kiswahili huyaacha maneno hayo mawili ya Kiingereza kama yalivyo, na wasomaji wao wamekwisha kuyazoea, hata wakayatamka boksi ofisi. Maana yake inafahamika: ni dirisha la kuuzia tiketi, na pia ni jumla ya fedha zinazopatikana kutokana na tiketi hizo.

Hata hivyo, ukiyatenganisha maneno yenyewe, linazuka swali. Ofisi inaeleweka, kwa kuwa ni mahali pa kazi. Lakini boksi ni la nini? Je, ni kisanduku cha kutilia fedha, ni kile kibanda anamokaa muuza tiketi, au ni kitu kingine kabisa?

Jibu lake linatupeleka London ya karne ya 18, na linahusu jambo ambalo halijaisha hata leo: nani ana haki ya kuwekewa nafasi, na nani atajitafutia mwenyewe.

Kibubu cha mlangoni

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni ya zama za William Shakespeare, yule mtunzi wa Kiingereza ambaye tamthilia zake mbili, Julius Caesar na The Merchant of Venice, zilitafsiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere.

Inasemekana kwamba katika zama hizo watu walipoingia kutazama mchezo walitumbukiza sarafu katika kisanduku kilichoshikwa na mpokeaji mlangoni. Visanduku vilipojaa vilipelekwa katika chumba maalumu ili fedha zihesabiwe, na chumba hicho, kwa mujibu wa hadithi, kikaitwa ofisi ya visanduku.

Sehemu moja ya hadithi hii ni ya kweli. Mwaka 1988 na 1989, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya jumba la maonyesho la Rose, kusini mwa Mto Thames mjini London. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1587 na mfanyabiashara Philip Henslowe.

Katika udongo wake vilipatikana vipande vingi vya vyombo vidogo vya mfinyanzi, vya mviringo, vyenye ufa mwembamba wa kutumbukizia sarafu. Kila mtu aliyekulia Afrika Mashariki angevitambua mara moja: ni vibubu. Na kama ilivyo kwa kibubu chochote cha udongo, njia ya kuzitoa fedha ilikuwa kukivunja. Ndiyo maana walivikuta vikiwa vigae.

Kiingilio nacho kinajulikana. Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi aliyeitembelea London mwaka 1599, aliandika kwamba aliyetaka kusimama uwanjani alilipa peni moja. Aliyetaka kuketi aliongeza peni ya pili katika mlango mwingine, na aliyetaka mto wa kukalia na mahali pazuri zaidi alitoa ya tatu. Kwa hiyo mtu alilipa hatua kwa hatua, kadiri alivyopanda juu.

Vibubu basi vilikuwapo, na fedha zilihesabiwa mahali fulani. Lakini jina linalotuhusu halikutoka huko. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na Bunge la Uingereza liliyafunga majumba ya maonyesho mwaka 1642. Neno "box office" linaonekana katika maandishi ya karne ya 18, na ushahidi ambao hutajwa mara nyingi na watunga kamusi ni wa mwaka 1786. Wakati huo vibubu vya Rose vilikuwa vimekwisha kufunikwa na udongo kwa karibu miaka 180.

Chumba chenye mlango wake

Maelezo yanayokubalika na watunga kamusi ni mengine. Boksi katika neno hili si chombo cha kutilia fedha. Ni mahali pa kukaa watu.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 17, Waingereza walitumia neno boksi kwa vyumba vidogo vilivyojengwa ubavuni na nyuma ya ukumbi wa maonyesho. Kila kimoja kilikuwa na kuta pande zote isipokuwa upande wa jukwaa, viti vichache, na mlango wake wa nyuma. Waliokaa humo walikuwa pamoja na watazamaji wengine, na wakati huohuo walikuwa mbali nao.

Michezo ya kuigiza iliporuhusiwa tena mwaka 1660, baada ya Mfalme Charles wa Pili kurejea madarakani, majumba mapya yaligawanywa kwa bei. Katika jumba la Drury Lane la karne hiyo, nafasi katika boksi iligharimu shilingi 4. Sehemu ya chini mbele ya jukwaa, iliyokuwa na mabenchi, iligharimu shilingi 2 na nusu. Roshani ya kati ilikuwa shilingi 1 na nusu, na roshani ya juu kabisa shilingi 1.

Hizo ni shilingi za Kiingereza, sarafu ambayo baadaye ilitupatia jina la fedha zetu katika Afrika Mashariki.

Bei hizo nne zilikuwa pia ngazi nne za jamii. Waungwana na wake zao walikaa katika maboksi. Wanasheria, waandishi na vijana wenye maneno mengi walikaa kwenye mabenchi. Wafanyabiashara wadogo na mafundi walipanda roshani ya kati, na watumishi, mabaharia na vibarua walijazana juu, karibu na dari.

Kwa nini boksi lilihitaji ofisi

Siku hizi tiketi ina namba ya kiti. Katika karne ya 18 haikuwa hivyo. Mabenchi ya chini na ya roshani hayakuwa na namba, na hayakuweza kuwekwa kwa ajili ya mtu. Milango ilipofunguliwa watu walisukumana, wakalipa, wakakimbilia mahali pazuri. Aliyechelewa alikaa palipobaki.

Kwa watu wa kundi hilo hapakuwa na haja ya ofisi. Alihitajika mpokea fedha mlangoni tu.

Boksi lilikuwa na utaratibu mwingine. Lilikuwa na idadi maalumu ya nafasi na lilitumiwa na watu ambao hawakuwa tayari kusukumana. Kwa hiyo mtu aliweza kupeleka ujumbe mapema, mchana au hata siku kadhaa kabla, na kuomba awekewe nafasi. Matangazo ya michezo yaliyobandikwa mjini yaliwaelekeza wateja kwa mtunza maboksi, aliyekuwa na daftari la kuandika nani atakaa wapi na usiku upi.

Hata baada ya kuandikishwa, nafasi ilihitaji kulindwa. Mabwana waliwatuma watumishi wao watangulie kukaa katika viti hivyo, kisha mchezo ulipokaribia kuanza bwana mwenyewe alifika na mtumishi akainuka. Kwa muda mrefu, pale Drury Lane, watumishi hao waliruhusiwa kupanda roshani ya juu bila malipo wakati wakiwasubiri mabwana zao. Mwaka 1737, ruhusa hiyo ilipoondolewa, walifanya ghasia kubwa wakidai kile walichokiona kuwa haki yao.

Mahali alipokaa mtunza maboksi na daftari lake ndipo palipoitwa ofisi ya maboksi. Kwa maneno mengine, boksi ofisi ya kwanza haikuwa dirisha la watu wote. Ilikuwa meza ya wachache, wale waliokuwa na uwezo wa kusema mapema: nitakuja, niwekeeni mahali pangu.

Usiku 67 wa ghasia

Kwamba utaratibu huu uliwakera watu ilidhihirika mwaka 1809, katika jumba jingine mashuhuri la London, Covent Garden.

Jumba hilo lilikuwa limeteketea kwa moto mwezi Septemba 1808. Meneja wake, mwigizaji John Philip Kemble, pamoja na wenzake walilijenga upya kwa gharama kubwa, na ili kuzirudisha fedha walibadili mambo mawili. Kwanza, walipandisha bei: nafasi katika boksi ikatoka shilingi 6 hadi 7, na ya chini ikatoka shilingi 3 na nusu hadi 4. Pili, ghorofa ya tatu, ambayo zamani ilikuwa wazi kwa watu wote, waliigeuza kuwa maboksi ya faragha ya kukodishwa kwa mwaka mzima, yenye vyumba vya kupumzikia nyuma yake. Kodi ya boksi moja ilikuwa pauni 300 kwa mwaka.

Wale wa roshani ya juu walijikuta wamesukumwa juu zaidi, katika vishubaka ambavyo, kwa malalamiko yao, mtu aliona miguu ya waigizaji tu.

Tarehe 18 Septemba 1809, jumba lilifunguliwa kwa mchezo wa Macbeth. Kemble alipotokeza jukwaani, sauti yake haikusikika. Watazamaji walizomea, wakapiga kelele, wakawageuzia waigizaji migongo na kudai bei za zamani. Mahakimu walipanda jukwaani kuwaamuru watawanyike, lakini hawakutii.

Kelele hizo ziliendelea kwa usiku 67. Watu walikuja na kengele, matarumbeta na mabango. Walitunga ngoma yao, wakiyapiga mabenchi kwa fimbo na miguu kwa pamoja. Wengine walivaa kofiani herufi O na P, kifupisho cha maneno ya Kiingereza ya bei za zamani. Menejimenti ilipowaajiri mabondia, akiwamo bingwa wa zamani Daniel Mendoza, ili wawatulize watu, hasira ziliongezeka.

Aliyejikuta katikati ya mgogoro huo alikuwa James Brandon, mtunza maboksi wa Covent Garden, yaani mwenye daftari na mwenye ofisi tunayoizungumzia. Brandon aliamuru kukamatwa kwa mwanasheria Henry Clifford, aliyekuwa amevaa zile herufi mbili. Hakimu alimwachia huru. Clifford alimshitaki Brandon kwa kumkamata kinyume cha sheria, akashinda na kupewa fidia ya pauni 5.

Mwezi Desemba Kemble alikubali kushindwa. Bei ya chini ilirudi shilingi 3 na nusu, maboksi ya faragha yakapunguzwa, mashtaka yakafutwa, na Brandon akaondolewa kazini. Jambo moja halikubadilika: bei ya nafasi katika boksi ilibaki shilingi 7. Waandamanaji hawakujali matajiri walilipa kiasi gani. Walichokataa ni kuondolewa mahali pao.

Mahali pa kuonekana

Mtu anaweza kudhani kwamba boksi lilikuwa mahali pazuri kuliko pote pa kutazamia mchezo. Mara nyingi haikuwa hivyo. Maboksi yaliyo karibu na jukwaa huliona kwa upande, na sehemu ya jukwaa hufichika. Aliyekaa humo alikuwa analipia zaidi ya kuona: alilipia kuonekana.

Italia ndiyo iliyoufikisha utaratibu huu kileleni. Huko Venice, ambako ukumbi wa kwanza wa opera kwa ajili ya watu wenye kulipa kiingilio ulifunguliwa mwaka 1637, familia za kifahari zilikodi maboksi na kuyatumia kama sebule zao. Jumba la La Scala mjini Milan, lililofunguliwa mwaka 1778, lilijengwa kwa fedha za familia zilizomiliki maboksi. Boksi lilikuwa mali, sawa na nyumba.

Mjini New York, boksi lilizua jumba zima. Katika miaka ya 1870, opera ilionyeshwa katika ukumbi wa Academy of Music, na maboksi yake machache yalishikiliwa na familia za zamani za mji. Matajiri wapya, waliojipatia fedha kwa reli na biashara, hawakupata nafasi. Waliamua kujenga jumba lao, Metropolitan Opera, lililofunguliwa Oktoba 1883 likiwa na maboksi ya kuwatosha wote waliochangia. Kufikia mwaka 1886, Academy of Music ilikuwa imeachana na opera.

Kuna pia boksi ambalo historia ya Marekani haitalisahau. Asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1865, mjumbe kutoka ikulu alifika katika jumba la Ford's Theatre mjini Washington kuweka nafasi kwa ajili ya Rais Abraham Lincoln. Mwigizaji John Wilkes Booth, aliyepita hapo karibu na saa sita mchana kuchukua barua zake, aliipata habari hiyo. Usiku, aliingia kupitia mlango wa nyuma wa boksi na kumpiga rais risasi. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata.

Nafasi iliyowekwa mapema, mlango wa faragha, na mtu anayejulikana atakaa wapi: mambo yale yale yaliyolifanya boksi kuwa la heshima ndiyo yaliyompa muuaji njia.

Boksi latoweka, jina labaki

Katika karne ya 19, majumba ya maonyesho yalianza kuweka namba katika viti vya kawaida na kuruhusu watu wa kawaida kununua nafasi mapema. Ofisi iliyokuwa ya maboksi peke yake ikawa inauza tiketi za ukumbi mzima. Hakuna aliyeona haja ya kuibadili jina.

Kisha ikaja sinema. Mwezi Juni 1905, mjini Pittsburgh nchini Marekani, ulifunguliwa ukumbi mdogo wa filamu uliotoza senti 5 kwa kila mtu, na kumbi za namna hiyo zikaenea haraka nchini humo. Wateja wake walikuwa vibarua, wahamiaji na watoto. Hapakuwa na maboksi, wala ngazi nne za bei. Lakini kile kibanda cha mbele, alimokaa muuza tiketi, kiliitwa boksi ofisi vilevile.

Kuanzia hapo watu wengi walisahau maana ya kwanza. Kwa kuwa kibanda chenyewe kilifanana na kisanduku, ilikuwa rahisi kudhani kwamba jina limetoka hapo. Hivyo ndivyo maneno yanavyoishi: kitu kikitoweka na jina likabaki, watu hulitafutia jina hilo kitu kingine.

Karibu na wakati huohuo, neno likapata maana ya pili. Katika maandishi ya mwaka 1904 linaonekana likitumiwa kwa maana ya jumla ya mapato ya tiketi. Ofisi ikawa hesabu. Mchezo au mwigizaji akaanza kusifiwa au kulaumiwa kwa jinsi "boksi ofisi yake" ilivyo.

Hesabu hiyo iliweza kumpandisha mtu na kumshusha. Mwezi Mei 1938, chama cha wamiliki huru wa kumbi za sinema nchini Marekani kilichapisha tangazo likiwataja waigizaji ambao, kwa maoni yao, walilipwa fedha nyingi bila kuvuta watazamaji. Miongoni mwao walikuwamo Greta Garbo, Joan Crawford, Marlene Dietrich na Katharine Hepburn. Waliitwa sumu ya boksi ofisi.

Hepburn aliondoka Hollywood kwa muda, akarudi mwaka 1940 na filamu ya The Philadelphia Story iliyopata mafanikio makubwa. Hadi alipofariki mwaka 2003 alikuwa ameshinda tuzo nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyeifikia. Hesabu ya mwaka 1938 haikuwa uongo, lakini haikuwa hukumu ya maisha.

Fedha au watu?

Msomaji anayekutana na takwimu za boksi ofisi leo anafaa kujua zinachosema na zisichosema.

Kwanza, si faida. Ni jumla ya fedha zilizolipwa na watazamaji. Wenye kumbi za sinema huchukua sehemu yao, mara nyingi karibu na nusu, na kinachobaki humwendea msambazaji na mtayarishaji. Gharama za kuitengeneza filamu na kuitangaza hazijaondolewa. Filamu inaweza kuingiza mamia ya mamilioni ya dola na bado ikaleta hasara.

Pili, thamani ya fedha hubadilika. Avatar, filamu ya mwaka 2009, imekusanya zaidi ya dola bilioni 2.9 duniani, na ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza katika orodha. Lakini Gone with the Wind ilitoka mwaka 1939, wakati wastani wa bei ya tiketi nchini Marekani ulikuwa chini ya senti 30. Mapato yake yakihesabiwa kwa thamani ya fedha ya leo, wachambuzi wengi huiweka mbele ya zote.

Tatu, hesabu ya fedha humpa uzito zaidi anayelipa zaidi. Tiketi moja ya London au New York inaweza kulingana na tiketi kadhaa za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Watu kumi wanaotazama filamu katika mji wa bei nafuu huenda wasionekane katika orodha kama watatu wa mji ghali. Na wale wanaotazama nyumbani, katika vibanda vya video au kwenye simu hawahesabiwi kabisa.

Si kila nchi inahesabu kwa njia hiyo. Nchini Ufaransa, mafanikio ya filamu hupimwa kwanza kwa idadi ya tiketi zilizouzwa, si kwa fedha. Filamu ya vichekesho ya Bienvenue chez les Ch'tis, ya mwaka 2008, inakumbukwa huko kwa kuwa iliuza tiketi zaidi ya milioni 20 katika nchi yenye watu milioni 60 na kitu. Korea Kusini pia hutangaza idadi ya watazamaji.

Pamoja na mapungufu hayo, zipo nyakati ambapo hesabu ya fedha imesema jambo la maana. Kwa miaka mingi iliaminika Hollywood kwamba filamu yenye waigizaji wengi weusi haiwezi kuuzika duniani. Black Panther, iliyotoka Februari 2018 na kumshirikisha Mkenya Lupita Nyong'o, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Baada ya hapo hoja hiyo ilikuwa ngumu kuitetea.

Nayo The Lion King, iliyoanza kuonyeshwa jukwaani Broadway mwaka 1997 na London mwaka 1999, imewafanya mamilioni ya watu kununua tiketi ili kumwona mhusika aitwaye Simba na kusikia maneno "hakuna matata". Huenda hakuna onyesho jingine lililopitisha Kiswahili katika madirisha mengi ya tiketi kiasi hicho.

Kiingilio

Katika Kiswahili tunalo neno letu la siku nyingi: kiingilio. Limetokana na kitendo cha kuingia. Halisemi mtu ataketi wapi, wala kama ana chumba chake au anasimama. Linasema tu kwamba ametoa kinachotakiwa na sasa yumo ndani.

Na katika taarab, kuanzia Zanzibar hadi Mombasa na Lamu, malipo ya mlangoni si ya mwisho. Maneno ya wimbo yakimgusa, msikilizaji huinuka, akaenda mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji noti mkononi. Hapo hakuna ofisi wala daftari. Anayetoa anaonekana na watu wote, na kila mmoja anaweza kuinuka.

Bila shaka nasi tumeujua mgawanyo. Kumbi zetu zina viti vya wageni mashuhuri, na mechi kubwa na matamasha yana tiketi za bei mbalimbali. Walanguzi hununua tiketi mapema na kuziuza kwa bei ya juu, sasa hata kupitia intaneti. Kupata nafasi mapema bado ni bidhaa, kama ilivyokuwa katika daftari la Brandon, na pale inapogeuka kuwa ya wachache, waliobaki nje hulalamika kama walivyolalamika watu wa London mwaka 1809.

Lakini ule mlango wa peni moja nao haukufa. Jumba la Globe lililojengwa upya London, karibu na lilipokuwa lile la Shakespeare, lilifunguliwa mwaka 1997 na likarudisha uwanja wa watazamaji wanaosimama. Mwaka 2012, jumba hilo lilialika tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. The Merry Wives of Windsor ililetwa kwa Kiswahili na waigizaji kutoka Kenya.

Kiingilio cha kusimama uwanjani kilikuwa pauni 5. Wasemaji wa Kiswahili waliokuja walisimama mbele kabisa, karibu na jukwaa kuliko mtu yeyote aliyelipa zaidi, na hawakuhitaji boksi ili kuusikia utani kwa lugha yao.